Daftari la Viti

Tulianza na viti saba,
na cha saba hakikuwa kiti: debe la mafuta ya kupikia
tulilolipindua na kulivika leso.
Hapo aliketi Kavindu,
kwa kuwa ndiye mwepesi kati yetu.

Chumba kilikuwa cha Nyangweso, fundi cherehani,
Kariobangi, nyuma ya duka la misumari.
Siku za kazi alishona sare za shule.
Jumapili tulifagia nyuzi, tukapiga magoti,
na sindano zilizoponyoka ufagio zikatupata.
Hata leo nikisikia fulani ameguswa na Roho
nafikiria sindano kwanza.

Mimi nilishika daftari.
Si la sadaka, hilo lilikuwa na wenyewe.
La viti: vilivyokaliwa, vilivyobaki,
kilichovunjika mguu na nani alikuwa juu yake.

Mwaka wa mvua ya El Nino tukahamia hemani.
Viti arobaini vya kukodi, vyeupe,
mgongoni vimeandikwa MAZISHI YA HESHIMA.
Hatukuwa na pesa za kuchagua.
Tulirukaruka, tukanena kwa lugha, tukalia kwa furaha
huku kila mgongo umebeba matanga.
Jumamosi vilikwenda makaburini,
Jumapili asubuhi vikarudi na udongo mwekundu miguuni.
Nilivipangusa kimoja kimoja. Sikuuliza vimetoka kwa nani.

Kisha mabati. Kisha spika mbili,
na barua ya chifu kuhusu spika mbili.
Kisha mzee wa kanisa Shitanda akagombana na mchungaji
juu ya jambo ambalo kila mmoja alilisimulia kivyake,
akaondoka na watu sitini na watatu, na kinanda.
Ngoma alituachia. Ilikuwa imepasuka.

Miezi kumi na moja tuliimba kwa viganja.
Majirani wakatuita Kanisa la Makofi,
na wengine waliokuja kucheka
walisimama mlangoni, wakapiga mawili, matatu,
wakaniuliza kama kuna nafasi.
Nani angeliandika hilo katika historia ya kanisa?
Wao wameandika: *kipindi cha majaribu*.

Januari ile ya baada ya kura
nilihesabu viti vitupu
na kila kimoja nilijua kinaongea lugha gani ya mama.
Mchungaji akasema tuvikunje, tujikusanye mbele, tupate joto.
Kavindu akasema hapana.
Basi tukaomba katikati ya mapengo,
mkono huu kwa jirani, mkono huu kwa plastiki.
Wengine walirudi mwezi wa nne.
Otuoma hakurudi. Kiti chake sijakifuta.

Sasa tuko Njiru, karibu na machimbo ya mawe,
na nyumba ni ya mawe hayohayo.
Viti vimefungwa sakafuni kwa bolti, elfu moja na mia mbili,
ibada tatu, skrini mbili, maegesho yenye mlinzi.
Kijana aitwaye Mutugi hutuhesabu kwa simu.
"Elfu tatu na arobaini, Mama!"
Nikamuuliza, nani hakuja?
Alitazama simu muda mrefu, kijana wa watu.

Sisemi ilikuwa heri zamani.
Zamani choo kilikuwa cha jirani na jirani alikuwa mkali.
Kavindu tulimzika humu ndani mwezi wa Agosti,
na ukumbi ulijaa hadi ngazini,
wengi wakiwa hawakumjua,
wote wakilia vizuri.

Jumapili iliyofuata sikuweza kukaa pale pangu.
Nikaenda nyuma kabisa, karibu na nguzo.
Binti wa mapokezi, mwenye skafu ya zambarau, akainama:
"Karibu sana, Mama. Ni mara yako ya kwanza?"
Akanipa kadi ya wageni, na kalamu.

Nikaijaza.
Jina. Mtaa. Namba ya simu.
Penye *Ulitujuaje?*
nikaandika: kwa sindano.